Maganda ya Nguruwe

Jirani yangu alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni hapa Makambako, mpaka korona ilipopunguza abiria na tajiri wake akamwambia apumzike kwanza. Vidole vyake bado vimepauka kwa sabuni. Kila jioni husimama mbali kidogo na mlango wangu, barakoa ya kitenge imempanda hadi machoni, ndoo mkononi. "Mama Rodrick, nguruwe wangu hajala." Nampa maganda ya viazi. Huyapokea kwa mikono miwili, na likidondoka moja huliokota akalipangusa udongo kwa kanga.

Jana alisahau kifuniko cha ndoo, nikamfuata nacho. Banda la nguruwe lilikuwa tupu, limeota nyasi. Jikoni alikuwa akiwapakulia wanawe watatu maganda yaliyochemshwa kwa chumvi. Nilikiweka kifuniko kizingitini, nikaondoka bila kupiga hodi.

Leo amekuja na ndoo imefunikwa. Nilikuwa nimemenya kwa unene, kila ganda limebeba nusu ya kiazi. Aliyatazama kwa muda mrefu.

"Nguruwe hajambo?" nikamuuliza.

"Hajambo, Mama Rodrick. Anakusalimu."