Chumba Kisicho na Upepo

Mya Thwin aliingia katika chumba cha kukatia dhahabu akiwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa na arobaini na mbili siku aliyopiga ukelele humo ndani na kuirusha hewani kazi ya asubuhi nzima. Katika miaka yote iliyopita kati ya siku hizo mbili hakuna aliyewahi kumsikia akiinua sauti. Mtaa mzima wa wafua dhahabu, pale Mandalay, ulimjua kwa upole. Walisema moyo wake ni maji ya mtungini, na yeye, ingawa hakukiri, alipenda kusikia hivyo.

Kazi yao ilikuwa na masharti yake. Nje, uani, wanaume walipiga nyundo kutwa, wakiifua dhahabu mpaka ikawa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kisha ikaletwa ndani kwa wanawake, waikate kwa vijiti vya pembe ya nyati na kuilaza juu ya vipande vya karatasi ya mianzi, ili waumini wakainunue na kuibandika kwenye sanamu za Budha. Madirisha ya chumba hicho hayakufunguliwa. Feni haikuwamo hata mwezi wa nne, jua linapokaanga mapaa. Upepo kidogo tu, hata pumzi ya mtu aliyeguna, uliweza kuupeperusha utando ule wa dhahabu na kuukunja kama uzi wa buibui. Kwa hiyo walikaa mle wamejipaka liwa usoni, vidole vimejaa poda, wakizungumza chini chini na kucheka kwa pua.

Mezani, uso kwa uso na Mya Thwin, alikaa Daw Sein Yi.

Mama huyu alikuwa na miaka sitini na minne. Alikuja pale miaka sita nyuma, karakana yake ya zamani ilipofungwa, na hakuna aliyebisha kwamba mikono yake ilikuwa na sifa mtaa mzima. Ulimi wake nao ulikuwa na sifa zake. Asubuhi alitema tambuu mlangoni, akasukutua, akaketi, na hapo ndipo maneno yakaanza.

"Mya Thwin, pumua kama mtu. Unapumua kama ng'ombe aliyepanda kilima."

Au: "Hivi mumeo alivuka mpaka kwenda Thailand kutafuta kazi, au nchi nzima ilikuwa ndogo, hapakuwa na pa kukukimbia?"

Wengine walicheka, kisha wakainamisha vichwa kwa aibu. Mume wa Mya Thwin alikuwa ameondoka miaka kumi na mmoja iliyopita, na tangu mwaka wa pili hakuleta hata salamu. Mya Thwin alilaza utando wake, akaunyoosha, akanyamaza. Nu, rafiki yake aliyekaa pembeni, alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Mjibu, dada! Mjibu hata neno moja!"

"Mwache. Mimi halinipati."

Lakini lilimpata. Alirudi nalo nyumbani, akala nalo, na lilipopoa Daw Sein Yi alikuwa ameshampa jingine.

Nyuma ya soko palikuwa na nyumba ndogo ya watawa wa kike, wale wanaovaa mavazi ya rangi ya waridi. Mkubwa wao, mama mnene aliyeitwa Kethari, ndiye aliyemfundisha Mya Thwin namna ya kukaa kimya kila alfajiri na kuwatakia watu heri mmoja mmoja: kwanza nafsi yako, kisha umpendaye, kisha usiyemjua, na mwisho yule anayekuchoma. Mya Thwin, kwa haraka yake, aliruka akaanzia mwisho. Siku moja ya mwezi mpevu alimpelekea mtawa mchele, na alipomkuta akiuchambua wa jana, akaketi kumsaidia.

"Mwalimu, huu ni mwezi wa nane tangu nianze. Kila alfajiri namwombea yule mama. Awe salama, awe na furaha, mateso yamwondoke. Hajabadilika hata punje."

"Nani alikwambia atabadilika?"

Mya Thwin aliokota jiwe kwenye mchele, akalitupa.

"Nijibu kweli," mtawa akaendelea, vidole vyake vikitafuta mawe kwenye ungo. "Ukimtakia heri, unamtakia heri, au unamtakia anyamaze?"

"Anyamaze, Mwalimu. Na mara nyingine natamani meno yote yamng'oke."

Mtawa alicheka mpaka mchele ukamwagika. Alipofuta machozi, alisema, "Basi hujaanza bado, mwanangu. Wewe una nyumba inayoungua, na unabeba ndoo kwenda kwa jirani. Mwache kwa muda. Jitakie heri wewe kwanza, tena bila kuona haya. Halafu mwangalie. Simaanishi maneno yake, hayo umeyasikia ya kutosha. Mwangalie yeye, kama unavyoutazama utando kabla hujaugusa."

Mya Thwin alitii. Ulikuwa msimu wa mvua, joto la mle chumbani lilikuwa la kuchemsha, na yeye, katikati ya kazi, aliinua macho kidogo na kumtazama mama yule. Siku za kwanza hakuona kitu ila adui. Kisha akaona kwamba shingo ya Daw Sein Yi ilikuwa imeinama sana, uso karibu uguse meza. Akaona kwamba ukingo wa karatasi aliutafuta kwa ncha ya kidole. Akaona kwamba Nu alipomwonyesha kikoi kipya, mama alisema tu, "Kizuri, lakini si cha umri wako," bila kugeuka kukitazama.

Tando zilizochanika hazikutupwa. Kila mwanamke alikuwa na kopo lake, na jioni mwenye karakana, U Kyaw Din, alikusanya vipande vikayeyushwe upya. Mwaka ule kopo la Mya Thwin lilikuwa linajaa kuliko yote. Mwenyewe hakuelewa. U Kyaw Din alikuwa amemwonya mara mbili, tena mbele za watu, kwamba ikiendelea hivyo atamhamishia kule nyuma kwenye kutwanga karatasi ya mianzi, kazi ya wasiojua kazi. Daw Sein Yi alikuwa ameongeza, "Mikono ikichoka, mtu aseme. Si kuharibu mali ya watu."

Basi asubuhi moja, wiki mbili kabla ya mvua kwisha, Mya Thwin alikuwa anaangalia kama alivyofundishwa. Aliona utando wa Daw Sein Yi ukichanika chini ya kijiti cha pembe. Aliona mkono ule wenye mishipa ukikiokota kile kipande, ukasogea mezani taratibu kama paka, na kukidondosha ndani ya kopo lake yeye, Mya Thwin.

Alidhani macho yanamdanganya. Akangoja. Haikupita nusu saa, mkono ukaja tena.

"Kumbe ni wewe!"

Ukelele ule ulitoka tumboni. Ulikuwa na miaka sita ndani yake. Pumzi yake ilifagia meza nzima: tando za asubuhi yote, za wanawake wanane, zilipaa, zikapinduka hewani, zikawashukia kwenye nywele, kope na midomo. Uani nyundo zilinyamaza. Mlango ukafunguka kwa kishindo, na upepo wa mlango ukamalizia zilizokuwa zimebaki mezani.

"Nani huyo?" U Kyaw Din aliuliza. "Nani amefanya hivi?"

Mya Thwin alikuwa amesimama. Neno lilikuwa mdomoni, tayari kabisa. Alimgeukia Daw Sein Yi ili alitamke akimtazama, na hapo akakuta kwamba mama yule hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ameelekeza uso pembeni kidogo, mahali pasipo na mtu, akitafuta sauti imetokea wapi. Vipande vya dhahabu vilimganda mdomoni. Aliogopa, kama anavyoogopa mtu aliyeshikwa mkono gizani.

"Ni mimi niliyepiga kelele, mjomba," Mya Thwin alisema, kwa maana pale wakubwa waliitwa mjomba na shangazi kwa heshima.

"Kwa nini?"

Kusema uongo hakutaka, ni moja ya mambo matano ambayo, kama kila muumini wa Budha, aliahidi kuyaepuka tangu utotoni. "Sababu nitaimaliza na shangazi mwenyewe. Ila naomba kopo langu likae mkono wa kulia kuanzia leo, mbali na yeye."

U Kyaw Din alilitazama kopo, akamtazama mama mzee, na hakuwa mjinga. Hakuuliza tena. Siku ile yote waliimalizia magotini, wakiokota dhahabu kwa brashi kutoka sakafuni na vichwani mwa wenzao. Nu alimbandua Mya Thwin kipande kwenye nyusi na kumnong'oneza, "Ungekaa hivyo hivyo, dada, watu wangekudhani sanamu, wakaanza kukuletea maua."

Usidhani kwamba baada ya hapo moyo wake ulitulia. Kwa wiki mbili hasira ilimtafuna. Alijua sasa kwamba haikuwahi kufa, ilikuwa imefunikwa tu na ile sifa ya upole. Alipomweleza mtawa Kethari, aliambiwa, "Vizuri, umeiona sura yake. Usiifukuze, usiikaribishe chakula." Hakuambiwa zaidi.

Mvua zikaisha, ikaja sikukuu ya taa, ambapo wadogo huwaendea wakubwa, wakawapigia magoti na kuomba radhi. Nu alimkuta akifunga nazi, ndizi na kifurushi cha majani ya chai yaliyochachuliwa, yale ya kutafuna.

"Unampelekea nani?"

"Daw Sein Yi."

"Wewe! Yeye ndiye akupigie magoti!"

"Yeye ni mkubwa."

"Ukubwa gani huo? Hata jalala ni kubwa!"

Mya Thwin alicheka, akaenda.

Daw Sein Yi alikuwa ameketi peke yake kwenye mkeka, taa hajawasha hata moja. Chungu jikoni kilikuwa kimefurika, na ukoko umegandia jiko. Mya Thwin aliweka matunda chini, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu mara tatu.

"Shangazi, kwa lolote nililokukosea kwa mwili, kwa maneno au kwa mawazo, naomba radhi."

Desturi inamtaka mkubwa ajibu kwa baraka. Mama, badala yake, akasema:

"Umekuja kunicheka."

"Ningetaka kukucheka ningekuja na Nu."

Mya Thwin akaketi vizuri. "Tangu lini huoni?"

"Nani kasema sioni?"

"Shangazi."

Mama alivuta pumzi. "La kushoto mwaka juzi. La kulia linafuata, ukungu mtupu. Nikisema, U Kyaw Din ataniambia nipumzike. Nipumzike wapi? Mikono hii haijui kitu kingine."

"Kwa nini kopo langu? Kulikuwa na la Nu hapo hapo."

"Nu angepiga kelele siku ya kwanza," Daw Sein Yi alisema bila kupepesa. "Wewe hunyamaza."

Maneno yale yalimchoma kuliko matusi yote ya miaka sita, kwa kuwa hayakuwa matusi. Kunyamaza kwake, alikokuita subira, kulikuwa kumemfungulia mlango mwenzake atende ubaya, siku baada ya siku, na hakukumsaidia hata mmoja wao.

"Sitanyamaza tena," alisema polepole. "Ukirudia nitamwambia mjomba, tena ukiwepo. Na kesho kutwa tunavuka mto, kuna hospitali ya macho ya watawa, hawatozi."

"Nani kakwambia nataka kwenda?"

"Hakuna. Nitakuja saa kumi na mbili asubuhi."

Mama alipapasa mpaka akakipata kifurushi, akakinusa. "Haya ya chai ni ya duka gani? Yamechacha kupita kiasi." Lakini alikifungua. Zamani, watu wawili waliogombana walipoyala majani hayo pamoja, ugomvi ulihesabiwa umekwisha, na wote wawili walilijua hilo. Walikula bila kulitaja. Kisha, kinywa kikiwa bado kimejaa, mama akatamka baraka iliyokuwa imechelewa: "Uwe na afya. Uepukane na hatari. Na ujifunze kununua chai."

Jicho la kulia lilipasuliwa, likapona. Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichokiona Daw Sein Yi ni uso wa Mya Thwin aliyemwinamia.

"Lo! Kumbe umezeeka hivi?"

Wauguzi waliona haya, na Mya Thwin alicheka mpaka akashika ukuta.

Aliporudi kazini, mama alisimama katikati ya chumba, akafunika mdomo kwa leso asipeperushe kitu, akasema, "Vile vipande kwenye kopo la huyu vilikuwa vyangu. Mwenye neno aseme leo, kesho sijibu." U Kyaw Din alimpa kazi ya kuhesabu na kufunga pakiti, isiyohitaji macho makali, akaifanya miaka miwili huku akimkosoa kila mtu. Mya Thwin naye aliudhika mara nyingi. Tofauti ilikuwa kwamba sasa alisema, "Shangazi, hilo limenichoma," na mama akaguna, na siku ikaendelea. Siku nyingine alisema kwa ukali kuliko alivyokusudia, na ikambidi arudi kuomba radhi.

Sasa Daw Sein Yi anaishi mji wa Monywa kwa mpwa wake. Kila siku ya mwezi mpevu hupiga simu kumlalamikia mke wa mpwa: supu yake ni maji, mtoto anamdekeza, mlango hafungi. Mya Thwin huweka simu sikioni na kuendelea kukunja nguo, akisikiliza. Mara nyingi humsikiliza mpaka mwisho. Akichoka, humwambia, "Shangazi, kwa leo inatosha, nitakupigia kesho," na kesho yake humpigia.