Kijiti cha Bibi

Jana nilikata matawi ya mti wetu wa pichi, rafiki yangu, na ile harufu ya kijiti kibichi ikanirudisha Bertrams, mtaa wetu wa zamani wa Joburg, kwenye ua wa nyumba tuliyopanga nikiwa mdogo. Usinicheke. Pua yangu haisahau.

Unaijua baridi ya Joburg, kavu. Nyasi zimekauka kabisa, na asubuhi udongo umeganda mpaka unalia chini ya kandambili. Basi wakati huohuo ndipo Bibi, mama yake Baba, aliyetoka Uvira, Kongo, uzeeni, alipopanga bustani ya mvua zijazo. Jirani yetu Mzulu alimpigia kelele dirishani, "Eish, gogo, baridi yote hii?" Gogo kwao ni bibi. Bibi akampungia mkono tu. Alichomeka kijiti cha pichi kwenye tuta la kila mtu wa nyumba: hapa lengalenga, yaani mchicha, za Mama, hapa maharage ya Baba, hapa maboga yangu. Mwisho, karibu na bomba, chake, cha nyanya chungu. Kwao, alisema, tuta lisilo na mtu haliotishi kitu. Kisha tuliingia ndani kula mahindi ya kuchoma, nguo zikinuka mafuta ya taa ya hita. Jamani, niliipenda siku ile!

Mwaka mmoja akamaliza kugawa, akajifuta mikono kwenye kitenge. Pale kwenye bomba hapakuwa na kitu.

"Bibi, na lako?"

"Mimi nitakulaka kwenu, mutoto yangu."

Yaani angekula kutoka matuta yetu; kwangu, asiye na tuta alikuwa mtu wa safari. Tulilala kitanda kimoja. Akiondoka, ningelala na nani? Nikachukua kijiti, nikamchomekea mwenyewe. Asubuhi nikakikuta kizingitini, kimelazwa vizuri, kimefunikwa na umande ulioganda. Nikakirudisha. Kesho yake, kizingitini tena. Vijiti vingine havikuguswa. Mama akasema ni mbwa. Mbwa gani? Geti lilikuwa na kufuli, na Bibi nilimshika kitenge usiku kucha, hakutoka. Niliogopa, nikaacha kukichomeka.

Mvua ya kwanza ilimkuta keshazikwa. Maboga yangu yalizaa ajabu mwaka ule, na kila yalipopakuliwa nililia.

Ua ule sasa umemwagwa zege, watu wanaegesha magari siku za mechi uwanjani. Mti wake wa pichi haupo, bomba halipo, hata jirani sijui alihamia wapi.

Basi jana niligawa matuta yangu: la mume wangu, la mwanangu wa kiume, la binti yangu. Nikajifuta mikono, nimeridhika. Binti yangu, anayesikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, akaniuliza langu mwenyewe liko wapi.

Sikuwa nimejichomekea. Labda Bibi naye alijisahau tu, kisha akaona haya kusema. Labda. Nilitafuta kijiti kinene kuliko vyote, nikakigongomea kwa nyundo kwenye tuta langu.

Sasa kumekucha, chai imepoa mkononi, na mlango wa nyuma bado sijaufungua.