Biasha Alivyojiandaa Kupasuliwa

Ukialikwa harusi Kibiti, unauliza kwanza nani anapika. Ukiambiwa Biasha, unakwenda na njaa yako. Kwa miaka mingi mwanamke huyu ndiye aliyesimama mbele ya masufuria ya shughuli zetu, mwiko mrefu mkononi, mtandio kaufunga kiunoni. Alikuwa mnene tangu ujana, na watu walimpendea unene wake. Mpishi aliyekonda, tulikuwa tukisema, chakula chake hakijamshawishi hata yeye mwenyewe. Biasha naye hakuona tatizo. Magoti yalipoanza kumkataa, alitafuta kigoda kirefu akawa anakoroga pilau amekaa. Aliposhikwa na sukari, alimeza vidonge alivyopewa, kisha akaendelea na kazi yake.

Msiba wa mama yake ndio uliomgeuza.

Mama alikuwa akiishi Maparoni, huko deltani, na hadi uzeeni hakuacha kulima mpunga. Alfajiri moja ikaja simu kwamba amefariki. Biasha na mumewe, Mshamu, mfanyabiashara wa nazi, wakaondoka hima hadi Nyamisati kupanda boti. Wakakuta maji yamekupwa. Boti ilikuwa mbali, imeelea mkondoni, na kati yake na ukingo kulikuwa na tope jeusi la mikoko. Abiria wengine walivua viatu, wakakunja nguo, wakapita. Biasha alipiga hatua chache akazama hadi magotini. Akajaribu kunyanyua mguu, mguu ukagoma. Akakaa pale pale topeni. Ilibidi wanaume wamvute kwa kamba hadi ukingoni, baibui limepanda, watu wanatazama pembeni kwa kumstahi.

Nahodha, jina lake Salumu, akachutama karibu yake. "Mama, tusubiri maji yajae. Nitaileta boti hapa hapa ulipo."

"Yatajaa saa ngapi?"

"Baada ya adhuhuri."

Biasha alijua maana yake. Maiti hacheleweshwi. Akamwambia Mshamu atangulie, Mshamu akakataa kumwacha. Walipofika Maparoni, jua lilikuwa limeshaegemea magharibi na watu walikuwa wamesharudi kutoka makaburini. Dada yake mkubwa, Mwanawetu, ndiye aliyekuwa kule akimuuguza mama, na ndiye aliyemwosha pamoja na majirani. Hakumlaumu mdogo wake. Alimwambia tu, "Nilikuachia nafasi upande wa kichwani. Tukangoja, tukangoja, mpaka wazee wakasema basi."

Maneno hayo Biasha alirudi nayo Kibiti. Hata siku za majirani kuja kumpa pole zilipokwisha, aliyasikia akiosha vyombo, aliyasikia akitawadha. Ndipo akampigia simu binti yake, Warda, anayefanya kazi kwenye duka la dawa Dar es Salaam. "Ile habari uliyoniambia ya watu kukatwa tumbo ili wapungue," akasema. "Niulizie."

Warda akauliza. Wajomba zake walioko Dar wakasema gharama ni juu yao, na suala la fedha halikuzungumzwa tena.

Daktari aliyempokea, katika hospitali moja kubwa ya jijini, aliitwa Abdulazizi. Alimpima, akamsikiliza, kisha akamweleza bila haraka. Mfuko wa chakula utakatwa kwa urefu, sehemu kubwa iondolewe, libaki bomba jembamba kama ndizi. Atashiba kwa vijiko vichache, na itakuwa hivyo maisha yake yote.

"Lakini sikupasui leo wala kesho," akasema. "Kwanza sukari ishuke. Halafu kuna ini. Ini lako limejaa mafuta, nalo limelalia pale pale ninapotaka kufanyia kazi. Ukija nalo hivyo, naweza kulijeruhi. Kwa hiyo wali, ugali, soda, vya kukaanga, vyote uviage. Utembee kila siku. Wiki mbili za mwisho utakunywa tu: maziwa yasiyo na mafuta, supu iliyochujwa, maji."

"Mimi ni mpishi, daktari. Kuonja je?"

"Onja uteme."

Biasha akatabasamu, akidhani ni mzaha. Daktari hakutabasamu.

Akaanza. Asubuhi alitembea hadi sokoni na kurudi, akipumzika kila penye kivuli. Vijana wa bodaboda walimwita, "Mama, panda, utatufia njiani," naye aliwaitikia salamu akapita. Nyumbani alijipikia mchicha na samaki wa kuchemsha, akala kidogo, akaondoka jikoni. Siku za mwanzo aliona kama ataweza.

Tatizo lilikuwa jioni. Mshamu hakuwahi kusema kwamba hataki. Alipoambiwa habari ya upasuaji alijibu, "Mungu akipenda." Lakini akawa harudi mikono mitupu. Leo kamba wa kukaanga kwenye gazeti, bado wa moto. Kesho mihogo na kachumbari. Kesho kutwa visheti.

"Baba Warda, unajua nimekatazwa."

"Nimepita tu nikaviona. Kidogo hakidhuru."

Akiisha kusema hivyo huviacha mezani, akaenda zake msikitini kuswali magharibi. Biasha anabaki peke yake na ile harufu. Mara nyingine aliita watoto wa jirani wakaja kuvibeba. Mara nyingi zaidi alikula. Alikula amesimama, upesi, kama anayeiba, kisha akasukutua. Msiba ulikuwa bado mbichi, na tangu utoto wake huzuni ya Biasha ilikuwa na dawa moja tu. Mama yake mwenyewe ndiye aliyempa dawa hiyo kwanza: mtoto akilia, mpe tonge.

Siku ya kurudi hospitali, Mshamu alimsindikiza. Daktari Abdulazizi alitazama majibu, akavua miwani.

"Mama, nisikufiche. Sukari imepanda kuliko siku uliyokuja mara ya kwanza, na uzito ni ule ule. Nikikupasua hivi nitakuua mimi. Tulikubaliana nini?"

Biasha akamtazama mumewe. Mshamu alikuwa akitazama sakafu.

"Nilikula," Biasha akasema. "Hakuna aliyenilisha. Nilikula mwenyewe."

Upasuaji ukasogezwa mbele miezi mitatu. Wakatoka nje, wakakaa kwenye benchi kumsubiri Warda aje kuwachukua. Watu walipita na bahasha za eksirei na chupa za uji. Kisha Mshamu akasema, "Nilifurahi."

"Ulifurahi nini?"

"Daktari aliposema hapasui. Moyo wangu ulifurahi, Mama Warda. Siwezi kukudanganya."

Mshamu akaendelea, sauti ikiwa chini, kama anazungumza na viatu vyake. Biasha alijua kwamba mumewe alimwoa akiwa ameshafiwa, na kwamba mke wake wa kwanza, Ashura, alifariki na mimba yake. Hakuwahi kusikia ilivyokuwa. Siku hiyo alisikia. Ashura aliingia chumba cha upasuaji akiwa na fahamu zake, akimwagiza mumewe asisahau kuwafungia kuku. Mshamu akangoja kwenye korido. Jua likazama. Mwisho akatoka muuguzi, akamkabidhi mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na kanga, bado mbichi, na hereni.

"Sikuambiwa neno. Nilipewa mfuko tu, nikajua. Sasa kila nikikuona unakunywa maji yako unajiandaa, mimi nauona ule mfuko. Nikileta kamba, najua utakula. Ukila, hawatakuchukua."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungeogopa."

"Naogopa tayari," Biasha akasema. "Tangu siku ya kwanza naogopa. Ulichofanya ni kuniacha niogope peke yangu."

Warda alipofika aliwakuta wamekaa mbalimbali, mkoba katikati, akadhani ni habari za daktari zilizowavunja moyo.

Kurudi Kibiti, Biasha hakukaa. Alimwambia mumewe kwamba hamwachi, wala hadai talaka, ila hawezi kujiandaa akiwa naye nyumba moja. Akafunga nguo chache akaenda Ikwiriri, kwa dada yake Mwanawetu, aliyekuwa amesharudi kwake baada ya msiba. Maneno yakazagaa. Mtu na mumewe wakitengana kwa miguu, mtaa unawatenganisha kwa ulimi. Wakasema Mshamu kamfukuza. Wakasema kaoa mwingine huko Mbwara. Biasha aliyasikia yote kwa simu, akajizuia kuyajibu.

Kwa Mwanawetu maisha yalikuwa magumu kwa namna nyingine. Dada mtu hakuwa na masihara. Vitumbua vya watoto vilipikwa kwa jirani ili mdogo wake asivinuse. Asubuhi alimwamsha watembee, pembeni mwa mashamba ya mpunga, kabla jua halijawaka. Biasha alilia njiani mara kadhaa, si kwa maumivu ya magoti, ila kwa aibu ya kuongozwa kama mtoto. Na Mzee Hemedy wa Kibiti alipokuwa anaoza binti yake, akampigia kumwomba apike, Biasha ilimbidi akatae. Kazi akachukua Yasmin, msichana aliyemfundisha mwenyewe. Baada ya harusi watu wakamtumia salamu kwamba pilau lilikuwa zuri mno, utadhani amepika yeye. Walidhani wanampongeza kwa kufundisha vizuri. Siku hiyo hakunywa hata supu.

Ijumaa ya kwanza baada ya swala, Mshamu akaja. Mikono mitupu. Akakaa barazani, akaulizia hali, akaaga. Ijumaa ya pili akaja tena, na ya tatu akaomba watembee pamoja. Wakatembea. Akaanza kuuliza. Wanakata wapi? Matundu ya kupitishia vifaa yana ukubwa gani? Atalala usingizi au atakuwa anasikia? Biasha alimjibu alichojua, na asichojua akasema hajui. Akagundua kuwa maswali yale yalikuwa yake pia, isipokuwa hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Wiki mbili za kunywa tu zilikuwa adhabu. Mwanawetu alichuja supu ya samaki kwa kitambaa cheupe, ikabaki maji ya rangi ya chai. Siku moja Biasha aliitazama ile supu, akaimwaga uani pamoja na kikombe, akasema bora afe ameshiba. Mwanawetu akaokota kikombe, akakisuuza, akamimina nyingine. Biasha akanywa.

Mara hii vipimo vilikubali. Sukari ilikuwa imeshuka, ini limesinyaa, na daktari Abdulazizi akampa siku.

Asubuhi ya siku hiyo Warda alikuwa wodini na mama yake. Mshamu hakuonekana. Biasha akampigia.

"Uko wapi?"

"Niko nje. Ng'ambo ya barabara, hapa kituoni."

"Ingia basi."

"Siwezi, Mama Warda. Nimefika getini mara mbili. Miguu inanirudisha."

Biasha alitaka kukasirika. Hasira haikuja. "Basi kaa hapo hapo," akasema. "Usiondoke." Kisha akavua hereni zake, akakunja nguo zake, akampa Warda. "Hivi vikae kwako. Hata iweje, baba yako asipewe mfuko."

Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini siku ya tatu akapandwa na homa kali, na madaktari wakahofu kwamba mshono unavuja ndani. Warda alimpigia baba yake huku analia. Hakumwomba aingie. Mshamu ndiye aliyetokea mwenyewe mlangoni mwa wodi, kofia mkononi, jasho linamtiririka, akauliza kitanda ni kipi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mpaka walipomtoa kwa nguvu muda wa kuwaona wagonjwa ulipokwisha, na kesho yake akarudi. Ikaonekana ni kifua, si mshono, na dawa zikamtuliza.

Sasa imepita zaidi ya mwaka. Biasha amerudi kwake Kibiti. Amepungua sana, vidonge vya sukari amepunguziwa, na anatembea bila kutafuta kivuli. Lakini ngozi ya mikono imelegea, na akila kwa haraka hutapika. Kazi nyingi za shughuli zimebaki kwa Yasmin. Anayejenga afya baada ya ugonjwa hupongezwa; anayekonda hunong'onwa. Juzi, kwenye hitma moja, mwanamke aliyemfahamu zamani alimsogelea, akamshika mkono kwa huruma. "Shoga yangu, unameza zile dawa? Siku hizi watu wanaishi nazo."

"Siumwi hivyo," Biasha akamwambia. "Nilikatwa tumbo."

"Kwa nini?"

Biasha akafikiri ataanzia wapi. "Nilitaka mwenyewe."

Mwanamke yule akamtazama kama mtu asiyeamini, akaachia mkono. Sinia la wali likaletwa, likawekwa katikati yao. Biasha akanawa, akamega tonge dogo, akalitafuna polepole kama alivyofundishwa. Alipomeza la tatu alikuwa ameshiba, na wenzake ndio kwanza wanakunja mikono ya nguo. Akabaki amekaa nao, mkono wa kulia umetulia juu ya goti, akisikiliza mazungumzo mpaka sinia likaisha.