Salamu Iliyomwangusha Herman

"Tangu Mungu aumbe hili ziwa na dagaa wake, hajazaliwa Muha aliyempita baba mkwe wake barabarani kama anapita kichuguu! Hajazaliwa! Wa kwanza ndiye huyu, na mimi ndiye niliyempa binti!"

Mzee Jeremia alikuwa anasema hayo kwa sauti ya kusikika Katonga, na nyumba yake iko Rusimbi. Anayesemwa, Herman, dereva wa bodaboda, amekaa mbele yake kwenye kigoda kifupi, magoti yamekaribia masikio, helmeti mbili kazipakata kama mapacha wanaopelekwa kliniki. Moja yake, moja ya mke wake Honorata. Honorata alikuwa hapo kwa baba yake anauguza mkono, wiki ya sita sasa. Plasta ya mkono walimtoa Jumatatu. Leo Alhamisi mumewe kaja kumchukua warudi nyumbani, na ndiyo kwanza kakaa.

"Mzee, jana nilikusalimia," Herman akasema. "Nilitikisa kichwa."

"Kichwa! Mbuzi wangu pale nyuma anatikisa kichwa toka asubuhi. Ananisalimia?"

"Na honi nilipiga."

"Ndiyo, ulipiga! Pii! Kama mimi kuku nimelala barabarani. Honorata, umemsikia mumeo?"

Honorata alikuwa mlangoni anachambua maharage kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikaa tu pajani kama mgeni asiyejua wenyeji.

"Kulikuwa na fuso nyuma yangu, mzee."

"Fuso ni baba yako?"

Herman akazipakata helmeti upya.

Sasa, ukitaka kujua kwa nini mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, Muha kwa baba na kwa mama, anaogopa kumsalimia mkwe wake, itabidi turudi nyuma hizo wiki sita. Na usidhani namsengenya. Habari hii Herman mwenyewe anaisimulia kijiweni, na anaisimulia vizuri kuliko mtu yeyote. "Mimi," huwa anaanza, "nilikuwa dereva ambaye Mungu alimwamini kupita kiasi."

Ulikuwa mwaka ule wa 2015, Warundi wanakimbia machafuko kwao, wanavuka kwa maelfu. Mji wa Kigoma umejaa magari meupe yenye bendera, na kwenye uwanja wa mpira wageni wamelala wakisubiri mabasi ya kuwapeleka kambini. Kiha na Kirundi ni mtu na ndugu yake, kwa hiyo Herman akawa mtu wa maana ghafla. Anabeba wakalimani, anabeba mikeka, akikosekana mkalimani anakalimani mwenyewe. Simu haipoi. Akaanza kuendesha kama mtu anayesubiriwa na serikali.

Kuendesha kwenyewe alifundishwa mchana mmoja na binamu yake, ambaye naye alikuwa na siku ya tatu juu ya pikipiki. Toka hapo miaka saba hakuuliza mtu. Helmeti alikuwa nayo. Ilikuwa inaning'inia kwenye saiti mira, kile kioo cha pembeni, ili trafiki aione, na ndani yake anabebea karanga.

Asubuhi ya ajali alikuwa anampeleka Honorata sokoni Katonga. Honorata kakaa upande, miguu yote kushoto, beseni tupu la samaki kwenye mapaja. Wanateremka ule mteremko wa karibu na uwanja wa mpira. Mara, pembeni ya barabara, huyo anapandisha Mzee Jeremia, mwavuli kwapani.

Kwa Waha, salamu ya mkwe si neno la kurusha tu. Unainama, unakutanisha viganja, unapiga makofi taratibu, unamuulizia yeye, nyumba yake na waliomo. Kwa mkono mmoja haifai kabisa. Na Herman anaapa kwamba hakuamua yeye. Mikono ndiyo iliyoamua. Malezi yote ya mama yake yalipanda kutoka kiunoni yakafika viganjani. Akaachia usukani, akainamisha kichwa kwa adabu, akapiga. Pa. Pa. Pa.

"Mwakeye, mzee!"

"Mwakeye," akaitikia Mzee Jeremia, maana naye ni mtu wa adabu, hata akiona pikipiki ya mkwewe inaondoka bila wa kushika usukani.

Kofi la nne halikupigwa. Pikipiki ilikata kulia, ikapanda ukingo, ikaingia mzima mzima kwenye meza ya Mama Veneranda, muuza mawese. Ndoo, chupa, madumu, vyote hewani.

Herman akajikuta chali. Akajifuta uso, akautazama mkono: mwekundu. Akajishika kifua: chekundu. Shati lote limelowa, lina joto la jua. Akajua ndio basi tena. Akafanya kama anavyofanya mtu anayekufa, akaanza kuaga, kwa sauti kubwa ili mashahidi wasikie.

"Honorata, mke wangu, nisamehe. Wale migebuka wa Pasaka hawakuibwa na paka. Niliwala mimi. Wote wanne. Na yule paka tulimfukuza bure."

Nyuma ya uzio wa uwanja wageni walikuwa kwenye foleni ya uji. Watu waliolala ufukweni siku kumi, waliopoteza kila kitu, walimtazama bwana huyu anavyoungama habari za samaki, na yule aliyekuwa anaelewa Kiswahili akawatafsiria wenzake. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Bibi mmoja wa Kirundi akatoka, akachuchumaa karibu, akamgusa Herman paji la uso kwa kidole, akalamba.

"Mawese," akasema. Halafu akampa pole kwa lugha ya kwao: "Ihangane, mwana wanje."

"Pole hiyo," Herman huwa anawaambia wenzake kijiweni, "nilipewa na mtu aliyeacha nyumba yake inaungua. Na mimi nimelala ndani ya mboga!" Kijiwe kizima kinaanguka kwa kicheko. Jina la Mawese walimpa siku hiyo hiyo, na mpaka leo hata abiria wanamuita hivyo.

Kijiweni habari inaishia hapo. Kipande kinachofuata hajawahi kukisimulia.

Alipojua kwamba hafi alicheka na yeye, akainuka, akamtafuta mkewe acheke naye. Honorata alikuwa amekaa ukingoni mwa mtaro, mkono wa kulia umeushika wa kushoto, na ule wa kushoto umepinda mahali pasipo na kiwiko. Hakuwa amepiga kelele. Alikuwa amekaa anasikiliza wosia wote, migebuka na paka. Akamtazama mumewe alivyopakwa rangi, akamuuliza taratibu:

"Umemaliza?"

Neno hilo moja ndilo lililompeleka Herman kwa Afande Nickson.

Afande Nickson ni trafiki, mtu wa Singida, kaletwa Kigoma kikazi. Jumamosi alikuwa anafundisha madereva wa bodaboda nyuma ya kituo cha polisi, na wanaokuja ni wachache. Herman akaenda akakaa mbele, mzee peke yake katikati ya vijana.

"Wewe ajali yako ilisababishwa na nini?" Afande akauliza.

"Makofi, Afande."

"Ulipigwa?"

"Hapana. Nilipiga."

"Ulimpiga nani?"

"Sikumpiga mtu. Nilikuwa nasalimia."

Afande akafunga daftari lake. "Uliachia usukani kwenye mteremko ili upige makofi. Sasa bwana mkubwa, ulikuwa unapongeza nini?"

Basi akafundishwa upya kama mtoto. Helmeti kichwani na kamba ifungwe mpaka ilie ka! Breki zote mbili, si ya nyuma peke yake. Abiria mmoja, na akae kwa kutanua miguu, sio upande kama anapigwa picha. Ukitaka kujua ya nyuma, tazama kwenye saiti mira, usigeuze shingo. Na mikono, Mawese, mikono!

Mikono ndiyo iliyomsumbua. Ikabidi kila asubuhi awe anakaa nyumbani kwake juu ya pikipiki iliyosimama, injini imezimwa, anawaomba majirani wapite mbele yake wamsalimie. "Mwakeye, Mawese!" wanapita, wanarudi, wanacheka. Siku ya kwanza aliachia usukani mara tisa. Pikipiki imesimama kwa stendi! Siku ya pili mara sita. Wiki ya nne hata angepita askofu, vidole vinakamata mpira wa usukani kama kupe. Akawa anaendesha polepole hivi kwamba mama mmoja alishuka katikati ya safari akamwambia, baba asante, acha nitangulie.

Halafu ikaja jana. Ile kona ya Rusimbi isiyo na pa kusimama, abiria nyuma, fuso la mchanga nyuma ya abiria, na pembeni Mzee Jeremia na mwavuli wake. Viganja viliwasha, jasho likamshuka ndani ya helmeti, lakini mikono ilikaa palepale. Akapiga honi, akatikisa kichwa, akapita. Alijisifu nusu saa nzima. Hakukumbuka kwamba kioo cha helmeti kilikuwa kimefungwa, na kwamba mzee aliona mpira mweusi tu unampigia honi na kuondoka.

Ndio tukafika hapa kwenye kigoda.

Herman aliziweka helmeti chini. Akashuka kwenye kigoda, akainama, akaanza kupiga makofi, taratibu, kwa adabu zote. Akamuulizia mzee hali yake, akamuulizia mama mkwe, mihogo, mpaka na yule mbuzi. Viganja vikawa vyekundu, safari hii bila mawese.

"Haya ni ya leo," akasema Mzee Jeremia. "Ya jana bado."

"Baba." Ilikuwa Honorata. Aliacha maharage. "Siku ile wewe ulikuwa unaitikia salamu. Mimi nilikuwa nyuma."

"Nyamaza, naongea na mkwe."

"Sawa. Na mimi naongea na mume." Akamgeukia Herman. "Wewe. Ukiachia usukani tena, awe anapita nani, awe baba, nashuka hapo hapo. Na kwako sirudi tena."

"Na asiponisalimia," mzee akadakia, "habebi mtu hapa!"

Herman akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Kesho naenda Ujiji kwa miguu," Mzee Jeremia akaendelea. "Napita kona ile ile, na wewe lazima utapita. Nakuuliza mbele ya mkeo. Utanisalimia, au hutanisalimia? Sitaki habari za fuso. Ndiyo au hapana."

Jibu lilikuwepo. Angesema atapita kona, atasimama mbele penye nafasi, atarudi kwa miguu, atainama. Lakini Herman alikumbuka mara ya mwisho kusema mengi mbele ya mwanamke huyu alikuwa katika hali gani, na akaona safari hii asiahidi kwa mdomo.

Akainuka. Akavaa helmeti, akafunga kamba. Ka! Ile ya pili akaiacha juu ya kigoda. Akaondoa pikipiki kwenye stendi, wala hakuiwasha. Akaikamata usukani kwa mikono miwili, akaanza kuisukuma kwa miguu kuelekea barabarani.

"Nakuuliza wewe!" mzee akapaza sauti. "Mkwe! Si nakuuliza?"

Herman akaendelea kusukuma. Nyuma yake akasikia maharage yanamwagwa kwenye sufuria, halafu ndala, chapu chapu, kwenye udongo. Alitamani kugeuza shingo. Hakugeuza. Akatazama kwenye saiti mira. Honorata anakuja, kibegi begani, helmeti kaivaa nyuma mbele, na baba yake mlangoni bado kanyoosha mwavuli, anauliza.

Herman akashika usukani vizuri, akatembea.