Mtoto wa Nne wa Familia ya Kumi na Saba

Kabla ya kukimbia vita nilikuwa muuguzi Uvira, Kongo. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nililima mahindi kama wengine, mpaka watafiti kutoka Mbarara walipokuja kutafuta familia zenye kifafa na wakahitaji mtu wa kuwatafsiria Kiswahili cha Kongo. Mwaka mzima nilizunguka vijijini na fomu na vichupa vya mate. Niliuliza nani ni mtoto wa nani, nani huanguka, tangu lini. Kisha nilichora ukoo: mduara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume, wino mweusi ndani kwa kila mgonjwa.

Vichupa vilipelekwa ng'ambo. Majibu yaliporudi, niliitwa Mbarara kwa juma moja, pamoja na watafiti vijana, tujifunze programu za kompyuta za kusoma vinasaba vya magonjwa ya ubongo. Tulilala hosteli moja ya Biharwe, nje kidogo ya mji. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kuliko wote, na niliandika kwa vidole viwili.

Mwalimu wetu alikuwa daktari wa ubongo, mama Mnyankole mwenye sauti ndogo. Alifundisha kwa Kiingereza. Nikikwama, alinieleza kwa Kiswahili alichokiokota kazini. Siku mbili tulijifunza kufungua majedwali ambamo kila mtu ni nambari tu, hana jina. Siku ya tatu alituonyesha jinsi programu inavyolinganisha undugu wa damu na ule ulioandikwa kwenye fomu.

"Kabla ya kutafuta ugonjwa," alisema, "hakikisheni watu ni wale mnaodhani."

Kwenye skrini yangu ilitokea familia ya kumi na saba. Watoto watatu walilingana na wazazi. Wa nne, msichana mwenye kifafa kama kaka zake wawili, hakulingana na baba wala mama.

Kijana mmoja nyuma yangu alisema huenda mama alitembea nje, na wenzake wakacheka kidogo. Daktari akamwonyesha kwamba hata mama hakulingana. Basi vichupa vimechanganywa, wakakubaliana. Msichana huyo afutwe.

Nambari ile niliiandika kwa mkono wangu, katika kijiji cha Misiera kambini, nyumbani kwa mama mmoja aliyetoka Fizi, anayeuza ndagala, wale dagaa wa kwetu, sokoni. Alinihesabia watoto wanne, akaongeza, kama mtu anayetaja mvua ya jana, kwamba huyu wa mwisho walimkuta kando ya njia wakikimbia. Niliandika "mtoto". Fomu haikuwa na neno lingine, na mimi sikulitafuta.

Wakati wa chai nilimfuata daktari nje.

"Vichupa ni sawa," nilimwambia. "Fomu yangu ndiyo mbaya. Yule msichana walimwokota njiani."

"Wewe unajua hii familia?"

"Ndiyo, daktari."

Hakunigombeza. "Huko ndani usiseme ni nani. Rudi kwa yule mama, uliza kama anakubali sisi tuandike hivyo."

Jumatatu iliyofuata nilikuwa Misiera. Mama aliniweka kwenye kiti, akaendelea kuchambua ndagala. Nilimweleza kwamba ordinatere, yaani kompyuta, imeona msichana si wa damu yao.

"Ile ordinatere haikukuwa na sisi mu njia," alisema. "Ni mutoto wangu."

"Ni wako, mama. Tunataka tu kujua ugonjwa wake ulitoka wapi."

Alifikiri. "Tulipomupata alikuwa na homa mubaya. Alilala siku tatu bila kuamuka. Nyuma ya pale ndio alianza kuanguka."

"Mbona hukuniambia?"

"Haukuniuliza."

Nilijisikia vibaya, maana swali la homa lilikuwamo kwenye fomu. Nilikuwa nimeliruka, kwa sababu kaka zake walishanipa jibu nililolitaka, kwamba ugonjwa ni wa ukoo.

"Na yeye anajua mulimukuta njiani?"

"Anajua. Andika, lakini andika pia kwamba ni wangu."

Niliandika vyote viwili. Daktari alimtoa msichana kwenye hesabu ya ukoo ule, akamweka kati ya wale walioanza kuanguka baada ya homa ya utotoni. Dawa zake ziliendelea kama kawaida. Fomu ikaongezwa maswali mawili: nani alimzaa, nani anamlea. Nikapita upya nyumba zote, nikiuliza polepole. Haikuwa familia moja tu yenye mtoto wa kuokotwa. Katika mafunzo yaliyofuata, daktari aliniachia somo la siku ya tatu nilifundishe mimi, kwa Kiswahili, naye akawatafsiria vijana.