Viporo vya Wifi

Wifi yangu amefuma tangu kabla sijaolewa na kaka yake, na hana hata kitambaa kimoja alichojibakizia. Sweta zilikwenda kwa watoto wa watu, shali zilikwenda kwa wagonjwa, vitambaa vya makochi vilikwenda kwa kila bibi harusi wa mtaa huu. Kilichobaki nyumbani ni viporo: soksi ya mguu mmoja, mkono wa sweta usio na mwili, kofia ya mtoto ambaye leo ana ndevu. Magunia matatu, yote chini ya kitanda chake. Tunaishi wawili, wajane sote, na kila nikifagia huyasukuma kwa mguu huku nikisema ya kusema.

Mwaka huu daktari wa macho alimwambia presha ya macho imeshakula sana, haitarudisha ilichochukua, na kilichobaki ni cha miezi tu. Alirudi, akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Wifi, toa magunia. Nataka kitu kimoja nijifunike mimi, tena nikione kabla macho hayajafunga duka."

"Miaka yote ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa navisha watu. Toa magunia, acha mdomo."

Gunia la tatu lilikuwa na vipande vya kufuma, kila kimoja kama kisahani cha chai, sabini na viwili, alivyovifanya kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka thelathini. Vilibaki kuungwa tu viwe shuka la kitanda. Lakini tundu la sindano halioni tena, basi kuunga kukawa kazi yangu. Vipande vilifungwa mafungu mafungu, kila fungu na kikaratasi chake.

"Fuata karatasi," akaniambia.

"Nimesikia, si kiziwi."

Sasa niseme wazi. Shule nilikwenda miaka miwili, na miwili hiyo nilisoma kweli. Mabango nayasoma, mfuko wa unga nausoma. Ila mwandiko wa wifi umelala, herufi zimeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Nilizipeleka zile karatasi dirishani jikoni. Nikaona "ki", nikaona "mi", nikachoka. Ningeweza kumwuliza. Lakini miaka arobaini na minne ananisomea barua zangu, na kila akimaliza ananiuliza, "Umeelewa, au nirudie?" Sikumwuliza. Nikakata nyuzi, nikachanganya vipande vyote ndani ya beseni, nikaanza kuunga kwa rangi zilivyonipendeza mimi.

Wiki tatu, kila alasiri, barazani. Mgongo ukawa si wangu. Kidole gumba kilivimba, asubuhi nashindwa kufungua kifuniko cha mafuta. Nilipofika safu ya saba nikalitandaza, nikaona limeinuka katikati kama mfuniko wa sufuria, kingo zimejikunja. Nikalipiga pasi. Likainuka tena. Nikalikalia.

Wifi akasema, "Lete nilipapase."

Akapitisha viganja polepole, vikakomea mahali pamoja.

"Hiki nilifuma mama akiwa mgonjwa. Mkono ulikuwa unabana, kikatoka kidogo. Na hiki cha jirani yake ni cha ujana, nimelegeza uzi. Umeshona kikubwa na kidogo pamoja. Wifi, karatasi zilisemaje?"

"Panya walizila."

"Panya?"

"Panya."

"Panya gani hao, wale karatasi waache sufu?"

Nilikuwa nimechoka mno hata kudanganya.

"Sikuzisoma. Mwandiko wako siuwezi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuandika."

Nilijua atacheka, na jibu langu la kumkomesha nilikuwa nimeliweka tayari. Hakucheka.

"Wiki tatu, wifi," akasema. "Wiki tatu za macho yangu."

Nikaenda kuchukua mkasi.

Tukafumua maungo yote. Yeye akapanga upya kwa vidole, bila karatasi wala mwanga: vilivyobana vikae upande wa kichwani, vilivyolegea miguuni, kila safu iwe na vya kimo kimoja. Mimi nikashona. Safari hii nilishona asubuhi na alasiri, na kila safu nilimwuliza, "Hiki?" naye akajibu, "Hicho," na hakuna aliyemtania mwenzake. Nyumba ilikuwa kimya hadi nikaanza kutamani anitukane.

Safu ya nane ilikuwa haijaisha alipomimina chai pembeni ya kikombe, mezani. Nami nikafuta. Nilipomaliza kufuta akaniambia:

"Litandike leo."

"Bado safu nne."

"Litandike hivyo hivyo."

Nikamalizia safu ya nane, nikafunga fundo, nikakata uzi kwa meno. Nikalitandika, nikafungua pazia lote. Wifi akainama mpaka pua ikakaribia sufu, akaanza kichwani, akaenda kipande kwa kipande. Alichukua muda. Nilisimama pale nimeshika kiuno, naogopa kuuliza anaona nini.

"Hii kijani nilikuwa nimeisahau kabisa," akasema.

Kisha akapanda kitandani, nikamfunika. Lilimfika kwenye magoti na kidogo, basi.

"Miguu iko nje," nikamwambia.

"Iache. Halafu wewe sogea, mama mkubwa, umeniziba dirisha."

Nikasogea. Mgongo ulikataa kusimama zaidi, nikajikalia sakafuni kando ya kitanda. Nikavuta beseni, nikatafuta kwa vidole kipande cha kwanza cha safu ya tisa.

"Hiki?"

Akanyoosha mkono akakipapasa, macho bado yako kwenye shuka.

"Hicho."