Niliyemfasiria Paluku

Nakumbuka Jumapili moja ya miaka ya vita vya Kongo, hapa Butembo. Nilikuwa kijana, nikifasiri filamu kwenye chumba cha video. Watu hawakujua lugha ya wachezaji, basi nilishika mikrofoni nikawasemea. Mwanamke wa filamu akilia "niache", mimi nilisema kwa sauti nyembamba: "Anakataa na mudomo, roho inataka." Benchi zote zilicheka. Mwanangu, Mungu anisamehe, nilikipenda kile kicheko.

Wiki ile Masika, binti wa jirani yetu, alikuwa anatoka shambani na mzigo wa sombe, majani ya muhogo. Paluku akamkamata njiani, akambaka. Hakuwa mmoja wa wenye bunduki, wale tuliozoea kuwalaumu. Alikuwa mtu wa benchi ya mbele. Masika alilia "niache", naye akamjibu kwa maneno yangu. Paluku mwenyewe alinisimulia, akicheka.

Wazee wa familia zote mbili wakapatana: Paluku alete mbuzi, amwoe, mambo yaishe.

Jumapili iliyofuata Mama Kavira, shangazi yake Masika, aliingia katikati ya filamu akasimama mbele ya televisheni.

"Fasiri, Kambale. Masika alisema 'niache'. Geuza vile unazoea, batu bacheke."

"Mama, ilikuwa muchezo tu."

"Basi cheza. Mbona leo unanyamaza?"

Hakuna aliyecheka. Nilizima jenereta.

Mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza cha mwenzangu. Kesho yake nilienda kwa wazee, mbuzi wakiwa wamekwisha kufungwa uani. Nikasema: "Alikataa. Paluku mwenyewe aliniambia. Na leo munataka kumupelekea Masika tena, na baraka juu?" Walinitukana, baba yangu, aliyeketi nao, akiwa wa kwanza. Lakini mbuzi walirudi kwao, na Masika hakuolewa na yule mtu. Kwa hilo namshukuru Mungu. Ila maji yakimwagika hayazoleki, na hasira yangu haijapoa.

Mwanangu, leo filamu unazo mfukoni, ndani ya simu. Ukiona mwanamke anavutwa kwa nguvu, muziki mtamu unapigwa, halafu anampenda aliyemvuta, jua kuna mtu ameketi pale nilipoketi mimi, anamtilia maneno kinywani. Usicheke naye. Na aliye mbele yako akikuambia "niache", hahitaji mfasiri. Mwache.

Mungu aliyesikia kilio cha Suzana, yule wa kitabu cha Danieli aliyewakataa wazee wawili, akufungue masikio, aulinde ulimi wako, na asiwepo mtu wa kukuogopa nyumbani mwako.